"Mazoezi", "Pumziko" na Moyo wa Mgonjwa wa Mapafu

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa maandishi ya afya ni yale tunayodhani kuwa tunayajua. Katika makala haya tutayatazama machache yanayohusu mazoezi na kazi ya moyo kwa watu wenye ugonjwa sugu wa mapafu, yaani ule unaobana njia za hewa siku zote, na ambao aghalabu husababishwa na moshi wa tumbaku, kuni au mkaa.

Kwanza, jina la ugonjwa. Wengi huuita "pumu". Pumu hubana na kuachia. Katika ugonjwa huu njia za hewa hazifunguki tena kikamilifu. "Kifua" nalo halifai, kwani humpeleka msikilizaji kwenye kifua kikuu. "Sugu" lafaa, mradi maana yake ya kudumu isichanganywe na usugu wa vijidudu vinavyostahimili dawa.

Pili, moyo. Upande wake wa kulia ndio unaosukuma damu kwenda mapafuni. Oksijeni ipunguapo, mishipa ya damu ya mapafu husinyaa, shinikizo hupanda, na upande huo hufanya kazi kubwa hata ukatanuka na kuchoka. Vitabu huandika "moyo kushindwa", na mgonjwa hudhani kuwa moyo u karibu kusimama. Twapendekeza "moyo kuelemewa": mzigo ni mzito, lakini kazi ingali ikiendelea.

Tatu, "kupumzika". Neno hili ni la ukoo mmoja na "pumzi". Hivyo anayehema huambiwa apumzike, na lugha yenyewe huonekana kukubali. Lakini misuli isiyotumika hudhoofu, na miguu dhaifu humfanya mtu aheme zaidi kwa mwendo ule ule. Naye akihema huzidi kukaa. Mwaka 1952 daktari Alvan Barach wa Marekani alikwisha kueleza faida ya mazoezi kwa wagonjwa wa namna hii. Leo mafunzo ya wiki 6 hadi 12, chini ya uangalizi, ni sehemu ya tiba, na maendeleo huweza kupimwa kwa umbali ambao mgonjwa hutembea katika dakika 6. Mapafu hayarudi kuwa mapya. Bali misuli huitumia oksijeni vizuri zaidi, na kwa kazi ile ile moyo huweza kupiga polepole kuliko awali.

Basi "mazoezi ya viungo" yatosha? Hasha. Msomaji hukumbuka uwanja wa shule na mistari ya wanafunzi. Twaona afadhali "mazoezi ya tiba", kwani "mazoezi" hutokana na "kuzoea", na mwili wa mgonjwa huzoezwa kidogo kidogo, kwa kipimo, kama dawa.

Karatasi ya zahanati isemayo "pumzika" bila kueleza lini na kwa muda gani yaweza kumlaza kitandani mtu aliyepaswa kutembea. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa afya wayapime maneno haya katika kazi zao, na watuletee yaliyo bora zaidi.