Kufukuza, Kurudisha, Kukabidhi: Maneno ya Mjadala wa Majeshi, Hifadhi na Watuhumiwa wa Ugaidi

Katika mijadala ya hadhara kuhusu kupeleka majeshi nje, kupokea waomba hifadhi na kuwaondoa nchini watuhumiwa wa ugaidi, msomaji hukutana na majina kabla ya kukutana na hoja. Mtu yuleyule huitwa mkimbizi katika gazeti moja, mhamiaji haramu katika la pili na gaidi katika la tatu. Kikosi kilekile huitwa mlinzi wa amani upande mmoja na mvamizi upande mwingine. Makala haya yanaeleza maana na matumizi ya maneno makuu ya uwanja huo, kwa mifano ya Afrika Mashariki na nchi jirani, ili mfasiri, mwalimu na mwanafunzi ayateue akijua kila neno limebeba mzigo gani.

Ng'ambo na nje ya nchi

Ng'ambo kwa asili ni upande wa pili wa maji: mto, hori, ziwa au bahari. Mtaa wa Ng'ambo mjini Zanzibar ulipata jina hilo kwa kuwa upande wa pili wa hori lililoutenga na Mji Mkongwe. Baadaye neno lilipanuka likawa na maana ya nchi za mbali, hasa Ulaya.

Maana hizo mbili huonekana wazi wilayani Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Kwa mkazi wa kata ya Busale, ng'ambo inaweza kuwa Ulaya, lakini pia inaweza kuwa ukingo wa pili wa mto Songwe, ambako Malawi huanzia. Anayevuka Kasumulu kwenda Karonga amekwenda ng'ambo, na huenda akarudi siku hiyohiyo. Kwa hiyo mfasiri wa habari za kijeshi asidhani kwamba "majeshi ya ng'ambo" ni lazima yawe mbali. Pale ambapo jambo lenyewe ni kuvuka mpaka wa dola, "nje ya nchi" ni sahihi zaidi. Ng'ambo ibaki pale maji yanapohusika, au pale mwandishi anapokusudia hisia ya umbali.

Kupeleka, kuvamia, kukomboa, kulinda amani

Kupeleka jeshi ni kauli tulivu: inataja mwendo, haitoi hukumu. Kuvamia ni kuingia kwa nguvu bila haki, na kukomboa ni kumtoa mtu katika utumwa au uonevu. Vitendo hivi viwili hutaja mwendo uleule, lakini kila kimoja kimekwisha kuamua nani mwenye haki. Katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Watanzania waliita uvamizi kitendo cha majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, na wakaita ukombozi kitendo cha jeshi lao kuingia Uganda. Katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika si wote walioukubali msamiati huo; baadhi ya serikali zililaumu kuvuka mpaka wa nchi mwanachama.

Kulinda amani nako kuna mipaka yake. Machi 2013, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 lililounda brigedi ya kuingilia kati mashariki ya Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Magazeti mengi yaliwaita askari hao walinda amani, ilhali azimio liliwapa idhini ya kuyashambulia makundi yenye silaha na kuyadhoofisha. Mlinzi husubiri, naye mshambuliaji huanza. Anayetumia neno la kwanza kwa kazi ya pili humficha msomaji ukubwa wa hatari. Hatari hiyo ilidhihirika tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki iliposhambuliwa na askari wasiopungua 14 wa Tanzania wakauawa.

Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ulikuwa na sababu yake ya kuufuatilia mjadala wa 2013. Mwaka uliotangulia, mzozo wa mpaka wa ziwa baina ya Tanzania na Malawi, wenye mzizi katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890, ulikuwa umefufuka kwa sababu ya utafutaji wa mafuta. Hivyo askari wa nchi hizo mbili walivaa kofia za buluu za brigedi moja huko Kongo, wakati serikali zao zikibishana kuhusu maji yanayozitenganisha nyumbani. Ziwa lenyewe lina majina mawili: Ziwa Nyasa kwa Watanzania, Ziwa Malawi kwa majirani. Mfasiri anayeteua jina moja bila maelezo huonekana ameteua upande.

Mkimbizi, mwomba hifadhi, mhamiaji

Mkimbizi hutokana na kimbia. Sauti /z/ iliyomo si ya kimbiza. Ni mabaki ya /l/ ya kale iliyopotea katika kitenzi na kugeuka /z/ mbele ya kiishio -i. Ndivyo ilivyo pia katika lea na mlezi, jua na mjuzi, tembea na mtembezi, okoa na mwokozi. Mkimbizi basi ni yule akimbiaye, si yule amkimbizaye mwingine.

Kisheria, mkimbizi ni mtu aliyetoka nchini mwake kwa hofu ya kweli ya kuteswa. Hiyo ndiyo maana ya Mkataba wa Geneva wa 1951. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza wanaokimbia uvamizi kutoka nje, utawala wa kigeni na machafuko makubwa. Mwomba hifadhi ni mtu aliyewasilisha ombi la kutambuliwa hivyo na anayesubiri jibu. Tofauti ni ya hatua, wala si ya ukweli wa madai yake: asiyejibiwa bado hajakataliwa. Kumwita mwomba hifadhi "mhamiaji haramu" ni kutoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa. Tena, haramu huelekeza lawama kwa mtu mwenyewe badala ya kitendo chake. "Mhamiaji asiye na kibali" hueleza kilichopungua na kuishia hapo.

Hifadhi, neno lenye asili ya Kiarabu, huhitaji uangalifu wa aina nyingine. Kitulo ni hifadhi ya taifa, na mafao ya uzeeni ni hifadhi ya jamii. Katika sentensi isiyo na muktadha, "waliomba hifadhi" laweza kumtatiza msomaji. Kuongeza "ya ukimbizi" au "ya kisiasa" huondoa utata.

Kuna pia uhamishoni, hali ya aishiye nje kwa sababu za kisiasa, awe amesajiliwa kuwa mkimbizi au la. Baada ya mgogoro wa baraza la mawaziri la Malawi mwaka 1964, Kanyama Chiume na Yatuta Chisiza ni miongoni mwa waliokuwa mawaziri waliokimbilia Tanzania. Chiume aliishi Dar es Salaam akiandika, hata kwa Kiswahili. Chisiza alirudi Malawi mwaka 1967 akiongoza kundi lenye silaha, akauawa. Walikuwa wakimbizi wa mkasa mmoja, lakini njia zao zilitengana. Miaka miwili baadaye, Mkataba wa 1969 uliwakataza wakimbizi kuendesha vitendo vya kuhujumu nchi wanachama. Ndiyo sababu mtu aweza kuwa mkimbizi kwa mwenyeji wake na muasi kwa nchi yake, na mwandishi hana budi kusema ni nani anayemwita hivyo.

Gaidi, mtuhumiwa, mshukiwa

Gaidi lilikuwa likitumiwa kwa mnyang'anyi au mporaji kabla ya kubeba maana ya leo. Ni jina la hukumu. Mtuhumiwa, kutokana na tuhumu, ni anayedaiwa kutenda. Kenya hutumia zaidi mshukiwa. Mshtakiwa ni aliyekwisha kufikishwa mahakamani, na mfungwa ni aliyehukumiwa kifungo. Ngazi hizi nne zisirukwe. "Gaidi akamatwa" na "mtuhumiwa wa ugaidi akamatwa" ni habari mbili tofauti hata kama aliyekamatwa ni mmoja.

Kufukuza, kurudisha, kukabidhi

Hapa ndipo uteuzi wa neno hugusa uhai wa mtu. Kila kitenzi katika kundi hili hudai maelezo yake. Kufukuza hutaja anakotolewa mtu: kafukuzwa nchini, kazini, shuleni. Hakilazimishi kusema aendako, na hudokeza kwamba ana kosa. Kurudisha hudai mahali pa mwisho: karudishwa kwao. Kukabidhi hudai mpokeaji: kakabidhiwa kwa nani? Kubadilishana wahalifu, istilahi iliyozoeleka kwa utaratibu wa dola moja kuiomba nyingine mtu wa kushtakiwa, ni aina ya kukabidhi yenye maombi, mahakama na masharti. Istilahi yenyewe ina kasoro: humwita mhalifu mtu ambaye huenda hajahukumiwa.

Kisa cha Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari, kinaonyesha uzito wa tofauti hii. Baada ya milipuko ya 7 Agosti 1998 katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, iliyoua watu 224, alikwenda Cape Town, akaomba hifadhi kwa jina lisilo lake na kupewa kibali cha muda. Oktoba 1999 alikamatwa, na katika muda wa siku chache alikuwa New York, mikononi mwa Wamarekani. Serikali ya Afrika Kusini ilisema imemfukuza tu mgeni aliyeingia kwa udanganyifu.

Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba kitendo hicho kilikuwa kinyume cha sheria. Sheria ya wageni haikuruhusu kumpeleka Marekani, nchi ambayo si yake. Zaidi ya hayo, Afrika Kusini, iliyokuwa imekwisha kuifuta adhabu ya kifo, haikupaswa kumtoa kwa nchi inayoweza kumnyonga bila kupata kwanza ahadi kwamba hatanyongwa. Kwa mahakama, wajibu huo haukubadilika kwa kuliita tendo kufukuza au kukabidhi. Iliagiza hukumu yake ifikishwe kwa mahakama ya New York. Siku iliyofuata Mohamed alitiwa hatiani huko. Baadaye baraza la wazee wa mahakama halikuafikiana kuhusu adhabu ya kifo, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kwa lugha ya sarufi, serikali ilitumia kitenzi kinachotaja anakotoka, nayo mahakama ikauliza juu ya mpokeaji.

Swali hilohilo liliibuka karibu zaidi na pwani ya Waswahili. Machi 2008, askari wa Tanzania na Sudan, kwa idhini ya Umoja wa Afrika, walikisaidia kikosi cha Komoro kuingia kisiwa cha Nzwani na kumwondoa Mohamed Bacar. Afrika Kusini ilikuwa imependelea mazungumzo yaendelee. Bacar alikimbilia Mayotte na kuomba hifadhi kwa Ufaransa. Ombi la ukimbizi lilikataliwa, lakini ilionekana pia kwamba asingeweza kurudishwa Komoro kwa kuwa angekuwa hatarini. Mwishowe alipelekwa Benin. Aliyeandika "Bacar anyimwa hifadhi" alisema kweli nusu. Kunyimwa ukimbizi hakukumaanisha kuruhusiwa kurudishwa, kwani katazo la kumrudisha mtu kwenye mateso husimama hata pale jina la mkimbizi linapokosekana.

Mwongozo kwa ufupi

- Tumia *mwomba hifadhi* hadi jibu litoke, *mkimbizi* baada ya kutambuliwa.
- Tumia *mtuhumiwa* au *mshukiwa wa ugaidi* hadi mahakama iamue.
- *Uvamizi* na *ukombozi* viwekwe katika kinywa cha anayevisema: "serikali iliita operesheni hiyo ukombozi".
- *Kulinda amani* kusitumike kwa kikosi kilichopewa idhini ya kushambulia bila kueleza idhini hiyo.
- Kila palipoandikwa *kufukuzwa*, mwandishi aulize: ametolewa wapi, anapelekwa wapi, na nani anampokea? Jibu la swali la tatu likiwa ni dola inayotaka kumshtaki, kitenzi kinachofaa ni *kukabidhi*.