Kifutu Hamjui Mtalii

Mgeni anayekuja kutazama ndege katika delta ya Mto Tana hupakia darubini, kofia na dawa ya mbu. Kifutu hamkumbuki. Nyoka huyu mnene hapendi kukimbia. Hulala kimya njiani jioni, rangi yake ikifanana na majani makavu, na mara nyingi anayemkanyaga ndiye wa kwanza kumwona.

Hapo washauri huwa wengi. Mmoja anakaza kamba juu ya jeraha, mwingine anatafuta wembe achanje, wa tatu anakimbilia jiwe jeusi. Sumu ya kifutu huozesha nyama pale ilipoingia, kwa hiyo kamba huzidi kuunyima mguu damu, na chale humwongezea mtu mahali pa kuvuja. Pete na vikuku vivuliwe kabla uvimbe haujapanda, mguu ufungiwe ubao kama uliovunjika, naye aliyeumwa abebwe. Asitembee! Aspirini asipewe, maana huzidisha kutoka damu. Nyoka aachwe aende zake; wanaomwinda huishia kuongeza mgonjwa wa pili.

Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Kabla gari halijaondoka, hospitali ipigiwe simu iulizwe jambo moja: dawa ya sumu ya nyoka ipo? Dawa hiyo ni ghali, na huchomwa hospitalini tu kwa kuwa yenyewe inaweza kumzulia mgonjwa mzio mkali. Watamu kuna Bio-Ken, shamba la nyoka lililoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, ambalo ni msaada mkubwa kwa walioumwa katika pwani hii.

Upande wa Lamu, mvua huamua. Mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara ya Garsen, abiria wakavushwa kwa boti.

Ndipo watu hutaja madaktari wa ndege wa AMREF, huduma iliyoanza mwaka 1957. Ndege yahitaji kiwanja kikavu na mtu wa kulipa. Bima nyingi za likizo hutaka kupigiwa simu kwanza, hivyo namba ya bima ikae mfukoni mwa mwenzake msafiri pia, si kwenye simu iliyozimika.

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Imeandika mtu, haikuandika raia. Gharama ya ndege haikutajwa.