Kerende: Nyumba Zinazojengwa Ili Zibomolewe

Pembezoni mwa mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, zimewahi kujengwa nyumba ambazo hakuna aliyekusudia kulala ndani yake. Ukuta wa udongo, bati jembamba, mlango usio na komeo. Nyuma yake miche imebanana hadi mbuzi hapenyi. Kerende na vijiji vingine vya Nyamongo huziita tegesha. Zikivuma tetesi kwamba mgodi unapanuka, mafundi hawalali, maana mthamini wa fidia akija atahesabu vyumba na miti.

Ni rahisi kuwaita wenyeji matapeli, na kweli wapo waliotoka mbali kuja kutegesha. Ila jambo hili lina chanzo. Kabla uzalishaji haujaanza mwaka 2002, wachimbaji wadogo walijichimbia dhahabu hapa kwa sururu. Leseni ilipokwenda kwa kampuni kubwa, mwanakijiji alibaki na shamba tu, nalo huuzwa mara moja.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Hapo kwenye wakati ndipo penye kilio. Aliyekwisha kuthaminiwa huambiwa asiendeleze eneo: choo kikititia, anajiuliza kama achimbe kingine, mvua zikinyesha, hajui apande au asipande.

Asiye na shamba hutazama mawe ya taka ya mgodi. Vijana huyavamia, wakati mwingine kwa gharama ya maisha. Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi katika makabiliano na polisi. Jiwe likipatikana hupelekwa karasha, mashine ya kusagia mawe, unga wake ukaoshwa, ukachanganywa na zebaki, kisha donge la dhahabu na zebaki likachomwa. Moshi wake ni sumu.

Mgodi nao una deni lake. Mwaka 2019 serikali iliutoza faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa la topesumu, katika eneo ambalo Mto Tigithe hupeleka maji Mto Mara, na Mara huyafikisha Ziwa Victoria.

Sasa serikali yenyewe ina hisa asilimia 16 katika mgodi huo, kupitia ubia wake na Barrick, kampuni inayouendesha. Haiwezi tena kusimama kando kama msuluhishi. Ihakikishe tathmini ikifungwa, malipo yanamfikia mwenye shamba kabla msimu wa mahindi haujampita.