Hisa za Kampuni Zinazozuia Droni na Yaliyotokea katika Anga la Goma

Kampuni zinazotengeneza mitambo ya kuzuia droni, yaani ndege zisizo na rubani zinazoongozwa kutoka mbali au zinazojiendesha kwa programu, zimekuwa katika miaka ya karibuni kivutio kikubwa cha watu wenye akiba wanaotafuta hisa za kununua, na hoja ya wanaozisifu ni kwamba kila droni mpya inayotengenezwa huzaa mteja mpya wa kinga. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inaacha mambo mengi nje, na ni miji michache inayoyaonyesha mambo hayo waziwazi kama Goma, mji wa mashariki mwa Kongo ambao katika muda wa zaidi kidogo ya miaka kumi umeshuhudia droni za upelelezi, droni za mashambulizi, kombora lililorushwa dhidi ya droni, na mawimbi yanayozipoteza njia ndege za abiria na za misaada.

Mnamo Desemba 2013 ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, MONUSCO, ulizindua mjini Goma droni za upelelezi aina ya Falco, zisizobeba silaha, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Mataifa kutumia chombo cha aina hiyo katika ulinzi wa amani. Falco ilitengenezwa na Selex ES, kampuni tanzu ya Finmeccanica ya Italia, ambayo tangu 2017 inaitwa Leonardo na ambayo serikali ya Italia inamiliki takriban asilimia 30 ya hisa zake. Leonardo hiyohiyo leo inauza pia mtambo wa kuzuia droni uitwao Falcon Shield. Kwa hiyo mtu anayenunua hisa za Leonardo, au za Thales ya Ufaransa, Saab ya Sweden na Rheinmetall ya Ujerumani, hanunui kinga peke yake, bali ananunua kampuni kubwa zenye rada, mizinga, helikopta au vyombo vya baharini, ambamo mitambo ya kuzuia droni ni sehemu ndogo ya mapato, na ambazo hupata faida droni inaporuka na droni inapoangushwa. Anayetaka biashara ya kuzuia droni pekee hulazimika kuziendea kampuni ndogo, na humo ndimo mna hatari kubwa zaidi.

Ili hatari hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ifahamike kwamba kuzuia droni ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kuigundua, na hufanywa kwa rada, kwa vihisi vinavyonasa mawasiliano ya redio baina ya droni na mwongozaji wake, kwa vipaza sauti vinavyosikiliza mvumo wa mapanga yake, na kwa kamera zinazoona joto. Ya pili ni kuishinda, na hapo njia zinagawanyika: kuvuruga mawimbi, yaani kurusha kelele ya redio inayofunika amri za mwongozaji; kughushi mawimbi ya GPS, ule mfumo wa setilaiti unaoionyesha ndege mahali ilipo, ili droni iamini kwamba iko kwingine; na hatimaye kuiangusha kwa risasi, kombora, droni nyingine au mwali wa leza. Kila njia ina droni inayoiweza na droni inayoshindwa nayo. Kifaa cha mkononi kinachofanana na bunduki na kurusha mawimbi badala ya risasi hufaa dhidi ya droni ndogo za madukani zilizo umbali wa kilomita chache, lakini hakina msaada dhidi ya CH-4 ya China, ambayo jeshi la Kongo lilianza kuipata mwaka 2023, kwa kuwa droni hiyo ina uzito wa zaidi ya tani moja na huruka maelfu ya mita juu ya ardhi. Tangu 2024, katika vita vya Ukraine, zimeenea pia droni zinazoongozwa kwa uzi mwembamba wa kioo unaojikunjua nyuma yake, ambazo hazitegemei redio kabisa, na kwa hiyo mtambo wa kuvuruga mawimbi, hata uwe wa bei gani, hauzisumbui. Kampuni inayosifiwa leo kwa kifaa chake inaweza kukuta baada ya miezi kumi na minane kwamba adui amebadili aina ya droni na kifaa kile hakina mnunuzi.

Goma imeona jinsi kinga dhidi ya droni inavyoweza kushindwa. Mapema Februari 2024, kwa mujibu wa waraka wa Umoja wa Mataifa, mtambo wa makombora uliodhaniwa kuwa wa jeshi la Rwanda ulirusha kombora kuelekea droni ya upelelezi ya Umoja huo na kuikosa. Siku chache baadaye, tarehe 17 Februari, uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa, na jeshi la Kongo likasema kwamba shambulio lilifanywa kwa droni zilizotoka Rwanda na kwamba zilizoharibika ni ndege za kiraia. Matukio hayo mawili yana swali la gharama ndani yake, nalo ndilo swali kuu la biashara hii yote. Kombora moja la mfumo wa Patriot wa Marekani hugharimu takriban dola milioni 4, wakati droni ya mashambulizi ya aina ya Shahed ya Iran hukadiriwa kugharimu makumi machache ya maelfu ya dola. Hakuna hazina ya serikali inayoweza kulipa tofauti hiyo kila usiku, na ndiyo sababu fedha nyingi za utafiti sasa zinaelekezwa kwenye leza, ambayo wizara ya ulinzi ya Uingereza ilikadiria mwaka 2024, kwa mtambo wake wa DragonFire, kwamba kila mpigo hugharimu takriban pauni 10.

Lipo jambo jingine ambalo vijitabu vya kuvutia wawekezaji havilitaji. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia Kongo waliripoti mwaka 2024 uvurugaji na ughushi wa mawimbi ya GPS katika mkoa wa Kivu Kaskazini, uliko Goma, kwenye maeneo yaliyo chini ya waasi wa M23 na jeshi la Rwanda na yaliyo karibu nayo, hali iliyohatarisha ndege za kiraia na za mashirika ya misaada. Wimbi la kuvuruga halibagui. Linalopoteza droni ya adui linaipoteza pia ndege inayobeba dawa. Ni kosa basi kuchukulia mitambo hii kuwa kinga tupu isiyodhuru mtu, na kuzipa hisa zake usafi ambao hisa za mabomu hazipewi.

Mfano wa DroneShield ya Australia, ambayo hisa zake zinauzwa katika soko la Sydney tangu 2016, unatosha kuonyesha tabia ya kampuni ndogo za aina hii. Mwanzoni mwa 2025 hisa yake moja ilikuwa chini ya dola moja ya Australia. Kufikia Oktoba mwaka huo, baada ya droni kuingia anga la Poland na taarifa za droni nyingine kufunga kwa saa kadhaa uwanja wa ndege wa Copenhagen, bei ilikuwa imepita dola 6. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza mkataba na kisha kuuondoa kwa sababu ulitangazwa kimakosa, mkurugenzi mtendaji na wenzake wa bodi wakauza hisa zao zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 60 za Australia, na bei ikaporomoka hadi chini ya nusu. Mitambo yake haikuwa imeharibika wala droni hazikuwa zimepungua duniani; kilichobadilika ni imani ya wanunuzi. Kampuni ya namna hiyo hutegemea mikataba michache ya serikali, inayokuja kwa vishindo na kuchelewa bila taarifa, na aliyenunua bei ilipokuwa kileleni alilipia miaka mingi ya faida ambayo bado haikuwepo.

Kwa mkazi wa Goma mwenyewe, njia ya kufikia hisa hizo ni nyembamba mno. Kongo haina soko la hisa, na masoko ya Kigali, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hayana kampuni hata moja ya kuzuia droni. Baada ya mji kuingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na watu wakategemea pesa za simu kwa makato makubwa. Katika hali hiyo, anayemwahidi jirani yake kumnunulia hisa za droni kwa njia ya simu na kumlipa faida kila wiki ni mwizi, na hastahili kusikilizwa hata kidogo. Hisa halali hununuliwa kupitia dalali aliyesajiliwa na mamlaka ya masoko ya mitaji, huingizwa katika akaunti ya mnunuzi, na hakuna dalali wa kweli anayeweza kuahidi bei ya wiki ijayo.

Hata hivyo Kivu imo ndani ya biashara hii, ipende isipende. Rada na vihisi vinahitaji kapasita, vile vipande vidogo vya kuhifadhi umeme, na nyingi kati ya zile bora hutengenezwa kwa tantali, madini yanayotokana na koltani. Machimbo ya Rubaya, wilayani Masisi, hukadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, na baada ya M23 kuyateka mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba kundi hilo lilikusanya humo ushuru wa takriban dola 800,000 kwa mwezi. Mchimbaji wa Rubaya anayekufa kifusini hana hisa katika kampuni yoyote ya rada.

Mkongo aliye Brussels, Nairobi au Montreal, ambaye ana akaunti ya dalali na anaweza kuzinunua hisa hizi kesho asubuhi, ana wajibu wa kusoma ripoti ya mwaka ya kampuni kabla ya kununua na kutafuta humo majibu ya maswali matatu: mtambo unazuia droni ya aina gani, wateja ni serikali zipi, na tantali inatoka wapi. Kampuni isiyoyajibu asiinunue, na inayoyajibu ainunue kwa fedha ambazo familia yake iliyobaki Goma haizihitaji kwa chakula, matibabu wala karo.