Kutu Iliyo Ngao: Madini Yanayostahimili Moto Mkali

Kila askari anaijua kutu. Amefundishwa tangu siku za kwanza kambini kwamba bunduki isiyopakwa mafuta huliwa, na mkaguzi huiona kutu hata ikiwa ndogo kama punje ya ulezi. Mke wa askari naye anamjua adui huyo katika sigiri yake ya bati. Baada ya miezi kadhaa ya mkaa, kitako cha sigiri hubanduka magamba meusi, kikatoboka, makaa yakaanguka sakafuni. Kutu nyekundu ya bunduki hutaka hewa pamoja na maji. Magamba meusi ya sigiri hutaka hewa na moto tu. Lakini mlaji ni yule yule, yaani oksijeni iliyomo katika hewa tunayoivuta.

Mafuta ya bunduki hayafai kitu ndani ya tanuri, kwani huungua mara moja. Je, waya au fimbo ya kupashia moto tanuri la umeme lenye nyuzi 1,600 za Sentigredi itengenezwe kwa kitu gani? Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538.

Ndugu msomaji, jibu linaanzia katika sufuria ya alumini. Alumini nayo huungana na oksijeni, tena upesi kuliko chuma. Tofauti ni kwamba utando wake hushikamana na sufuria, hauna nyufa, na ukikwaruzwa kwa majivu wakati wa kusugua, mwingine huota papo hapo. Magamba ya chuma hupasuka na kubanduka, yakaacha chuma kipya wazi kiliwe tena. Kwa hiyo wataalamu hawatafuti madini yasiyopata kutu kabisa. Wanatafuta yale yenye kutu njema.

Yapo madini yaitwayo molibdeni, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 2,620. Mtu angedhani tatizo limekwisha. La hasha! Molibdeni ikipashwa sana hewani, kutu yake hugeuka moshi mweupe ukapaa, na kipande chote huweza kutoweka hivyo, kidogo kidogo, bila kuyeyuka hata tone moja.

Katika miaka ya 1950 viwanda vilianza kuuza fimbo za tanuri zilizotengenezwa kwa mchanganyiko wa molibdeni na silikoni, atomu moja ya molibdeni kwa mbili za silikoni. Kampuni ya Kanthal ya Hallstahammar, Sweden, ndiyo inayosifika zaidi kwa kazi hiyo. Mchanganyiko wa namna hii huitwa silisaidi. Ukipashwa moto hewani, molibdeni iliyo juu hutoka kama moshi, lakini silikoni hubaki na kuungana na oksijeni. Kinachozaliwa ni silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga mweupe na katika kioo cha dirisha. Basi fimbo hujivika kioo chembamba kuliko unywele, na oksijeni hukipenya kwa taabu kubwa mno. Kikitokea kidonda, silikoni iliyo chini hukutana na hewa, kioo kipya hutokea, na kwa kuwa kioo hulainika katika joto hilo, ufa hujiziba wenyewe. Fimbo bora hustahimili zaidi ya nyuzi 1,700.

Lakini ajabu ni hii: kitu kisichotishwa na nyuzi 1,700 huweza kuangamia kwenye nyuzi 500. Katika joto hilo la wastani kioo huota polepole mno, na kutu ya molibdeni haipati kupaa. Hujaa ndani ya nyufa, huvimba, ikapasua fimbo hadi iwe unga wa manjano. Wataalamu waliyaita maradhi hayo tauni. Dawa yake ni kuifanya fimbo iwe imara, isiyo na vitundu, na kutoliacha tanuri likae katika joto hilo kwa muda mrefu. Tena fimbo ikiwa baridi huvunjika kama chaki, hivyo huning'inizwa kutoka juu ya tanuri na hushikwa kwa mikono ya upole.

Silisaidi hutumika pia kama rangi ya kinga. Vyombo vya angani vya Marekani vilivyoruka kati ya 1981 na 2011 vilikuwa kila kimoja na injini ndogo 44 za kuvielekeza, zilizotengenezwa kwa niobi na kupakwa silisaidi. Niobi tupu huliwa haraka na hewa ya moto, kwa hiyo mahali rangi ilipobanduka palikuwa mlango wa adui, kama mahali bunduki ilipokosa mafuta.

Karibu nasi zaidi ni karakana za meno ya bandia. Meno meupe ya zirkonia huokwa kwenye nyuzi zipatazo 1,500, mara nyingi katika matanuri yenye fimbo hizi. Kioo cha fimbo kikichakaa, chembe huangukia meno na kuyatia rangi ya kijani au manjano, na mgonjwa huyakataa. Fundi hapo hatupi fimbo. Hulitoa kila kitu ndani ya tanuri, hulipasha tupu kwa saa kadhaa mpaka kioo kiote upya, kisha huoka meno mengine.