Kabla ya Kulipia Chumba Pangani, Tazama Mwezi

Anayepanga kwenda kupumzika pwani Jumamosi na Jumapili kwa kawaida huanza na bei ya chumba, kisha nauli, kisha chakula. Bahari huachwa mwisho, kana kwamba iko palepale inamsubiri mgeni. Mimi kazi yangu ni majedwali ya maji kupwa na kujaa, na huanzia huko. Kwanza naiendea kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe za Kiislamu pembeni. Chumba nakiulizia baadaye.

Chukua Pangani, kilomita 50 hivi kusini mwa jiji la Tanga, mji uliokaa kwenye mlango wa mto unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru. Wageni wengi huenda kwa ajili ya Maziwe, fungu la mchanga mweupe lililo nje baharini, lenye matumbawe pembeni. Mwaka mmoja nilipanda mashua na familia iliyokuwa imelala hadi jua likapanda, ikala chakula cha mchana bila haraka, ndipo ikaondoka. Tulifika saa tisa alasiri, siku moja baada ya mwezi mpevu. Mtoto wao mdogo akasimama akishikilia ubavu wa chombo.

"Babu, kisiwa kiko wapi?"

Nahodha akanyoosha kidole kwenye maji ya kijani. "Kiko hapo chini, mjukuu wangu. Kimelala."

Baba wa mtoto alikuwa amelipa safari nzima. Hakuna aliyemdanganya ila hakuna aliyemwambia saa, na mimi mwenyewe nilipanda nikidhani wameshaelezwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa na kujaa kwingine hupita saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja. Hapo ndipo tunapopata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini ikipita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake, tukapata maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Bamvua lenyewe hukolea siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Kwa hiyo tarehe 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu, na siku za mwanzo wa mwezi, ni za bamvua. Karibu na tarehe 8 na 23 ni maji mafu.

Kuna jambo ambalo hata wenyeji wa bara waliohamia pwani huchelewa kuling'amua. Siku za bamvua, saa hazibadiliki sana mwaka mzima. Katika pwani ya Tanzania bamvua hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Ukishalijua hili huhitaji jedwali langu. Ukiona mwezi mpevu Alhamisi, unajua Jumamosi asubuhi fungu litakuwa nje, na ukichelewa hadi alasiri litakuwa limezama.

Basi ukitaka Maziwe, chagua mwisho wa wiki wa bamvua. Fika Ijumaa. Jumamosi, ukipandia Ushongo, ufukwe ulio kusini mwa mto, ondoka saa mbili. Ukipandia mjini, toka saa moja asubuhi, kabla maji hayajawa machache kwenye mlango wa mto. Pale, mkondo unaotoka ukikutana na mawimbi yanayoingia, mawimbi husimama wima, na hilo si jambo la kupimia ujasiri wa watoto. Hakikisha kila mtu ana jaketi okozi, na mtoto awe na la kimo chake. Beba maji ya kunywa na mwavuli, kwa sababu kule hakuna kivuli. Saa sita muwe mmeshapanda chombo kurudi.

Kivuli kilikuwepo. Maziwe kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walitaga hapo kwa wingi. Mawimbi yaliula mchanga, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Kasa anayetaga pale sasa, mayai yake hufunikwa na bamvua, kwa hiyo wahifadhi huyachimbua na kuyahamishia ufukwe wa Ushongo. Ukikuta alama zimewekwa kuzunguka kiota, pita mbali, na usiku usimulike tochi. Maziwe ni eneo tengefu la bahari. Ada unayotozwa ilipe kwa moyo mweupe na udai risiti, na usikanyage matumbawe.

Alasiri ya siku hiyohiyo maji yakiwa yanajaa, ogelea Ushongo, maana asubuhi maji huwa yamejitenga mbali na ufukwe unabaki wa kutembelea tu. Au panda mto: ingia saa nane na nusu maji yakiwa bado yanapanda, mkondo ukusukume kati ya mikoko, urudi jioni na maji yanayotoka.

Wiki ikiwa ya maji mafu, usiighairi safari. Maziwe iache. Maji hujaa kama saa nne asubuhi, kwa hiyo unaogelea mapema bila kuyafuata mbali. Alasiri zunguka mjini, kwenye nyumba za kale zenye milango ya kuchonga. Hapo ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa Desemba 1889. Vuka kwenda Bweni, upande wa pili wa mto, uutazame mji kutoka ng'ambo.

Upepo nao una neno. Kusi likikaza, Juni hadi Agosti, bahari huchafuka, na masika mto hushusha tope hadi mbali. Mimi hupenda kaskazi, Desemba hadi Februari, maji yakiwa maangavu.

Ukimpigia simu nahodha, usianze na bei. Mwulize, "Mzee, Jumamosi hiyo maji yanapwa saa ngapi?" Akijibu papo hapo bila kuhesabu vidole, lipa chumba.