Simu Isiyo na Waya: Mawasiliano ya Sauti na Picha katika Othaya

Neno simu asili yake ni Kiajemi, ambako humaanisha pia waya. Katika Kiswahili lilitumika kwa telegrafu, kisha likahamia kwenye chombo cha kuzungumzia. Kikuyu nacho kililipokea likawa thimũ, na mkazi wa Othaya husema kũhũra thimũ, sawa na Mswahili asemavyo kupiga simu. Siku hizi waya umetoweka, jina limesalia. Asemaye "simu isiyo na waya" anasema, kwa kufuata asili ya neno, waya usio na waya. Lakini lugha haijapata kuona haya kwa mambo ya namna hiyo.

Badiliko la pili halionekani kwa macho. Katika simu ya zamani wazungumzaji wawili walitengewa njia yao peke yao hadi wamalize. Katika simu ya intaneti sauti hugeuzwa tarakimu na kukatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na anwani yake mfano wa barua, navyo huweza kupita njia mbalimbali. Barua iliyochelewa bado husomeka. Neno lililochelewa katikati ya mazungumzo halifai kitu. Ndiyo sababu ujumbe wa maandishi hufika hata penye mawimbi hafifu, ilhali picha huganda na sauti ikakatikakatika.

Kabla ya 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na safari hiyo pekee ilitosha kuchelewesha jibu. Kebo za baharini zilipofika Mombasa mwaka huo, kizuizi hicho kiliondoka. WhatsApp ilileta simu za sauti mwaka 2015, na za video 2016.

Hata hivyo, shida ya Othaya ni ya ardhi. Migongo ya nchi huteremka kutoka milima ya Nyandarua, ikitenganishwa na mabonde ya mito. Mawimbi ya masafa ya juu huenda takriban moja kwa moja. Aliye juu ya rũgongo huyapata, na aliye chini mũkuru-ini huyakosa, ingawa mnara hauko mbali naye. Huko Nanyuki, mwaka 2013, mradi wa Mawingu ulijaribu kutumia masafa ya televisheni yaliyokuwa wazi, ambayo hupenya majani na kuzunguka vizuizi kwa wepesi zaidi, mitambo ikiendeshwa kwa nguvu za jua. Kwa nchi ya mabonde, jaribio hilo lina faida kuliko kuongeza kasi kwa wale ambao tayari wanayo.

Tofauti hii ilidhihirika mwaka 2020, wakati wa Korona, serikali ilipoamuru waombolezaji wasizidi 15. Mazishi yalianza kuonyeshwa mubashara, na kamati za matanga zikakutana kwa video. Mwana aliye ng'ambo aliweza kuliona kaburi la mzazi wake na kutoa buriani. Jirani wa marehemu, aliyechuma naye chai miaka mingi katika bonde lile lile, alizuiwa na amri asihudhurie, na mawimbi nayo hayakumfikia.